Kupanga saa ya GPS ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Maswali ninayoulizwa kuhusu saa ya GPS ni yale yale. Saa iko mbele kwa sekunde 18. Kompyuta zote za ofisi zimeruka masaa matatu. Skrini inaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini iliyopita. Taa ya kijani inawaka mchana, ikifika jioni inazima. Mara nyingi anayeuliza ameshailaumu mashine na anataka kujua atairudisha vipi kwa aliyemuuzia. Ngoja kwanza. Saa hizi haziharibiki ovyo. Kinachoharibika ni mipangilio, na huharibika kwa sababu tunakimbilia tarakimu za kwenye skrini kabla hatujapanda juu ya paa kuiangalia antena.

Ninazungumzia kile kisanduku chenye tundu la antena upande wa nyuma, kinachosawazisha wakati wake na setilaiti na kuugawa kwa wengine: kwa kompyuta kupitia mtandao, kwa saa za ukutani, au kwa mitambo ya redio na intaneti inayotaka mapigo ya 10 MHz (milioni kumi kwa sekunde). Kinaweza kuwa kipya, au kikawa Trimble Thunderbolt ya mtumba iliyotolewa kwenye mnara wa simu ng'ambo. Majina ya menyu yatatofautiana, lakini mpangilio wa kazi ni mmoja: antena, kisha mahali, kisha wakati.

Nadharia yenyewe ni fupi. Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ina saa ya atomiki. Mawimbi yake husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo kisanduku hakiwezi kujua ni saa ngapi mpaka kijue kiko wapi. Ukikikosesha mahali, umekikosesha na wakati.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi:

- Antena ya GPS yenye volti inayolingana na kisanduku. Nyingi ni za volti 5, nyingine 3.3.
- Kebo ya kutosha kutoka paani, ambayo umeipima kwa futi kamba. Kukadiria kwa macho hakutatosha.
- Kinga ya radi ya kufunga kwenye kebo, iwe ile inayopitisha umeme wa moja kwa moja. Aina nyingine huzuia volti za antena, nawe utahangaika siku nzima bila kupata setilaiti hata moja.
- Laptopu na waya wa kuiunganisha na kisanduku, wa mtandao au wa RS-232 (ile laini ya zamani ya kompyuta).
- UPS, yaani betri ya akiba. Stima ikipotea, saa itaanza upya kupasha moto kristali yake, ile inayohesabu sekunde ndani ya kisanduku, na hilo huchukua muda.
- Daftari. Kila namba utakayoingiza, iandike.

1. Tafuta pa kuweka antena

Antena inataka kuona anga pande zote. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa kaskazini mwa dunia, nayo hukuambia uhakikishe upande wa kusini uko wazi. Usiifuate. Njia za setilaiti za GPS zimeinama nyuzi 55 kutoka ikweta, hivyo kule kwao anga ya kaskazini ina pengo. Sisi tuko juu ya ikweta yenyewe: zinatupita utosini, na kusini kwetu hakuna faida kuliko kaskazini. Kwa hiyo dirisha la ofisi lenye kuona ziwa upande mmoja, hata liwe zuri namna gani, limekunyima nusu ya anga.

Paa la mabati ni kioo cha mawimbi. Antena ikilala juu ya bati, itapokea mawimbi ya kweli pamoja na yaliyodunda. Iinue juu ya kipeo cha paa, kwenye bomba, mita moja hivi. Lakini isiwe ndiyo kitu kirefu kuliko vyote hapo juu. Kama kuna mlingoti wa redio, iache ikae chini ya ncha yake, kando kidogo. Radi za ukanda wa ziwa mnazijua, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa. Umbo la pia lililochongoka la antena za kazi hii, kwa wenzetu wa baridi, huteremsha theluji. Kwetu humnyima kunguru pa kutua.

2. Vuta kebo

Kebo ya dishi, ile RG-6 inayouzwa kila duka la vifaa vya stima, inafaa. Ina omu 75, na baadhi ya visanduku, Thunderbolt ikiwemo, vina tundu la skrubu kama la dikoda kabisa. RG-58 pia hufanya kazi, ila inapoteza mawimbi zaidi, kwa hiyo usiivute mbali.

Hapa pana hatari moja kubwa. Dikoda ya dishi hupeleka volti 13 au 18 juu ya kebo. Kwenye jengo ambalo kebo zote zimeshuka ukutani bila alama, mtu mmoja tu akikosea akaifunga ya saa nyuma ya dikoda, antena ya volti 5 imekwenda. Weka utepe wa rangi kwenye ncha zote mbili. Na usitumie kigawanyi cha dishi kugawa mawimbi ya GPS.

Kinga ya radi iwekwe pale kebo inapoingia ndani ya jengo, na waya wake wa ardhi uunganishwe na ardhi ya jengo zima. Ukipigia chuma chake cha pekee upande wa pili wa nyumba, radi ikipiga, tofauti ya volti kati ya ardhi hizo mbili itapita ndani ya kisanduku chako.

3. Futa kumbukumbu za kilikotoka

Kisanduku cha mtumba kinaamini bado kiko pale kilipotolewa. Kimehifadhi latitudo, longitudo na kimo cha mnara fulani wa mbali, na kitazitafuta setilaiti za huko. Kirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha ukizime na kukiwasha. Hata kipya kifanyie hivyo. Huenda kilijaribiwa kiwandani kikahifadhi mahali pa kiwanda.

Kikiwaka, kiache. Ujumbe kamili wa GPS huchukua dakika 12 na nusu kusomwa, na ndani yake ndimo mlimo habari za sekunde za marekebisho, zile ambazo saa za dunia huongezewa mara moja moja. Kabla hazijasomwa, saa inayoonyeshwa inaweza kuwa na kosa la sekunde kadhaa. Nenda ukanywe chai.

4. Acha kijipime mahali

Sasa washa upimaji wa mahali. Kisanduku kitarudia kupima kilipo mara nyingi na kuchukua wastani. Thunderbolt hupima mara 2,000, kama nusu saa hivi. Ukiweza kukiacha masaa 24 au hata 48, fanya hivyo, kwa sababu setilaiti hurudia njia zake karibu kila siku na makosa ya mchana na usiku yatasawazika. Baada ya hapo kitashikilia mahali hapo na kutumia setilaiti zote kwa kazi moja tu, ya wakati. Kwenye hali hiyo hata setilaiti moja inatosha kuendeleza saa.

Usiandike mahali kwa mkono ukiwa na nafasi ya kukiacha kijipime. Najua kishawishi chake: ramani ya simu inakupa namba papo hapo. Ila hapa kwetu kuna mtego ambao mtu wa Nairobi hakutani nao mara nyingi. Ikweta inatukata katikati. Kakamega na Eldoret ziko kaskazini yake, Kisumu na Nakuru kusini, na Maseno umeukanyaga mstari wenyewe. Fundi akimaliza kazi Kakamega, ananakili mipangilio ile ile, anabadilisha namba, anasahau kugeuza N kuwa S. Kisumu mjini ni kama nyuzi 0.1 kusini. Ukiiweka kaskazini umeisogeza kilomita 22 hivi. Nakuru, iliyo nyuzi 0.3 kusini, itasogea zaidi ya kilomita 60.

Kosa lenyewe halionekani. Namba zinafanana, tarakimu za saa ziko sawa, sekunde zinakwenda. Ndani, setilaiti moja inasema hivi na nyingine inasema vile, zikipishana kwa makumi ya maikrosekunde, na kisanduku kinazikataa moja baada ya nyingine kikidhani ndizo mbovu. Kwenye skrini utaona setilaiti kumi zinapokelewa vizuri lakini zinazotumika ni mbili. Ukiona hivyo, kabla hujagusa chochote, angalia ile herufi. Kwenye vifaa visivyo na herufi, kusini ni alama ya kutoa.

Kimo nacho si cha kupuuza. Ukingo wa ziwa Kisumu uko mita 1,130 na zaidi, Nakuru kama 1,850. Kimo cha ramani na kimo cha GPS havilingani kwa mita kadhaa, na kila mita ya kimo ni kama nanosekunde 3 za kosa. Kwa seva ya ofisi hilo si kitu. Kwa mitambo ya kupimia, ni kitu.

5. Ingiza ucheleweshaji wa kebo

Mawimbi hupoteza muda yakishuka kwenye kebo. RG-58 ni kama nanosekunde 5 kwa mita, RG-6 kama 4. Kebo ya RG-6 ya mita 20 ni nanosekunde 80. RG-58 ya urefu huo ni 100 hivi. Vifaa vingine vinataka namba chanya, vingine vinataka alama ya kutoa. Kama una oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) na chanzo kingine cha pigo la sekunde, yaani pigo la umeme linalotoka kila sekunde inapoanza, weka sifuri, kisha weka namba yako. Pigo linatakiwa litokee mapema zaidi. Likichelewa, alama imegeuka.

Kama kazi yako ni kompyuta za ofisi peke yake, namba hii haitakuumiza hata ukiiacha sifuri. Mtandao wenyewe una makosa makubwa kuliko hayo mara maelfu.

6. Pembe ya chini

Huu ndio mpangilio unaokiambia kisanduku kisizisikilize setilaiti zilizo karibu na upeo wa macho, ambazo mawimbi yake hupita hewa nyingi na kudunda kwenye maji na mabati. Anza na nyuzi 10. Ukiwa karibu na ziwa au katikati ya maghorofa, panda hadi 15. Wakati wa kujipima kwenye hatua ya 4 unaweza kuiacha 10.

7. Chagua UTC

Menyu itakuuliza: GPS au UTC? Chagua UTC, ndio wakati rasmi wa dunia. Wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na haujawahi kuongezewa sekunde ya marekebisho. UTC imeongezewa, mara ya mwisho ikiwa mwisho wa Desemba 2016, ndiyo maana GPS iko mbele kwa sekunde 18. Swali la kwanza kule juu limejibiwa.

8. Weka saa za hapa, lakini kwenye skrini tu

Afrika Mashariki ni UTC+3 mwaka mzima. Zima kabisa saa za majira ya joto, hatuna.

Ile +3 ni ya skrini na saa za ukutani. Isiingie kwenye huduma ya wakati ya mtandao. NTP, ndiyo huduma hiyo, hubeba UTC siku zote, na kila kompyuta huongeza masaa yake matatu yenyewe. Ukiongeza wewe pia, zote zitaruka masaa matatu mbele. Swali la pili nalo limekwisha.

Sasa ule mtego unaonifurahisha kuliko yote. Baadhi ya vifaa huandika ukanda wa saa kinyume: EAT-3 (EAT ni saa za Afrika Mashariki) ndiyo maana yake UTC+3. Mtu akiandika EAT+3, saa inarudi nyuma masaa sita. Mjerumani angeshtuka mara moja. Sisi je? Ikiwa ni saa tisa alasiri, skrini inasoma 9:00. Mlinzi anapita, anaisoma, anaona iko sawa kabisa. Katibu naye anaona iko sawa. Saa yenye kosa la masaa sita inasoma Kiswahili fasaha, na inaweza kukaa ukutani wiki nzima bila mtu kulalamika, huku rekodi zote za mitambo zikiharibika. Dawa yake: weka skrini kwenye mfumo wa masaa 24 unapofanya kazi, na unapoandika kwenye daftari andika 15:00. Hata kwenye simu, ukimuuliza mtu wa kituoni saa inasoma ngapi, mwambie akusomee tarakimu kama zilivyo.

9. Mtandao

Kipe kisanduku anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.20. Badilisha neno la siri la kiwandani. NTP hutumia mlango wa UDP 123. Ufungue ndani ya mtandao wako tu, usiufungulie dunia nzima kwenye rauta. Kwenye kompyuta za Linux zenye chrony, programu ya kusawazisha saa, mstari ni huu:

server 192.168.1.20 iburst

Ongeza seva mbili au tatu za ke.pool.ntp.org kama mashahidi. Saa moja ikidanganya peke yake, hakuna wa kuipinga.

10. Pigo la sekunde

Ruka hatua hii kama hutumii waya wa pigo. Kama unautumia, jambo la kujua ni upande upi wa pigo ndio sahihi: unaopanda au unaoshuka. Karibu siku zote ni unaopanda. Ukisoma unaoshuka, saa yako itachelewa kwa upana kamili wa pigo, na ikiwa pigo ni la milisekunde 100, utaona kosa la milisekunde 100 lisilotikisika. Kosa la namna hiyo, namba nzima isiyobadilika, halitoki angani kamwe.

11. Hakiki

Usihakiki kwa simu, na usihakiki kwa televisheni. Matangazo ya dikoda huchelewa kwa sekunde kadhaa. Kwenye Windows andika:

w32tm /stripchart /computer:192.168.1.20

Kwenye Linux andika chronyc sources. Ukilinganisha na seva za intaneti, tofauti ya milisekunde chache hadi makumi ni ya mtandao, si ya saa yako. Kisha acha kisanduku kiwake siku kadhaa kabla ya kukihukumu. Kristali iliyokaa baridi kwenye rafu miezi mingi haitulii kwa siku moja.

Ikigoma

*Hakuna setilaiti hata moja.* Pima volti kwenye ncha ya kebo upande wa antena. Hakuna volti? Ni kinga ya radi isiyopitisha umeme, au konekta iliyofungwa vibaya, unywele mmoja wa waya wa nje ukigusa kiini. Volti zipo? Jaribu antena nyingine kabla ya kufungua kisanduku.

*Tarehe imerudi nyuma miaka karibu ishirini.* GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya. Hilo lilitokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na litatokea tena Novemba 2038. Vifaa vya zamani vina siku yao binafsi ya kuchanganyikiwa. Thunderbolt ilifikwa Julai 2017. Sekunde na pigo bado ni sahihi, tarehe tu ndiyo imepotea. Tafuta programu mpya ya ndani ya kifaa, au tumia programu ya kompyuta inayorekebisha. Lady Heather, ya bure, hufanya hivyo kwa Thunderbolt na ina upimaji wa masaa 48 pia.

*Saa iko nje kwa sekunde moja kamili.* Ujumbe wa maandishi unaotoka kwa kisanduku hufika baada ya pigo unaloeleza. Programu yako imeuoanisha na pigo linalofuata. Rekebisha kwenye programu, usiguse kisanduku.

*Herufi za takataka kwenye RS-232.* Kasi ya laini hailingani. Jaribu 9600, kisha 4800.

*Inapoteza mshiko kila stima ikipotea.* UPS inalisha kompyuta peke yake, haikilishi kisanduku. Kikilishwa, kristali nzuri itaendelea hata antena ikikatika, ikikosea maikrosekunde kadhaa hadi makumi kwa siku.

*Inapoteza setilaiti jioni, kisha inapona yenyewe.* Angalia saa na mwezi. Ikiwa ni kati ya saa moja na saa sita usiku, hasa Machi na Aprili au Septemba na Oktoba, si kebo wala antena. Tabaka la juu la anga karibu na ikweta huchafuka baada ya jua kutua, na mawimbi ya GPS humetameta yakilipita. Miaka ambayo jua lina madoa mengi hali huwa mbaya zaidi. Usibadilishe mpangilio wowote usiku huo. Acha kisanduku kiendeshwe na kristali yake, na uandike muda kwenye daftari. Ikiwa kinapotea saa nne asubuhi pia, panda juu na ngazi, uanze na konekta ya antena. Maji ya mvua huingilia pale.